Mamba wa Ghalani

Simu ya Zuhura ilinikuta hapa Kibiti nimejilaza asubuhi, kama nifanyavyo siku hizi, kwa kuwa usiku usingizi hauji. Aliniambia mama yake, Salima, amefariki alfajiri na watamzika adhuhuri, nisihangaike kuwahi maziko maana nisingefika. Nije Mohoro kwenye hitima ya siku ya tatu. Mwaka huu Salima alikuwa amenitumia salamu mara mbili, kwamba ana neno anataka kuniuliza, na mara zote mbili nilijibu nitakuja magoti yakipata nafuu. Magoti hayakupata nafuu, wala hayakuwa mabaya kiasi hicho. Nilidhani nalijua hilo neno lenyewe, na mtu akifika umri wangu hujifunza kuyasingizia magoti mambo mengi.

Siku ya tatu nikaondoka asubuhi. Ikwiriri ilinibidi nisubiri gari la Mohoro, nikaketi kwenye benchi la nyumba ya wageni, karibu na kibanda cha video. Kuta za kibanda kile ni za magunia na mabati, kwa hiyo hata asiyelipa anasikia. Walikuwa wakionyesha sinema ya mamba mkubwa kama basi, anatoka kwenye bwawa la kuogelea la hoteli na kula watu, na kijana mmoja mwenye kipaza sauti alikuwa akiwatafsiria wenzake. Nilichungulia mara moja tu. Mkia wa mnyama ulikuwa ukitikisika kama mpira wa baiskeli, na vijana walikuwa wakicheka, ila hakuna aliyekuwa anatoka. Mfasiri akasema mamba yule ametumwa na mume wa kwanza wa yule dada, aliyeachwa akabaki na kinyongo. Nikajua papo hapo kwamba kijana hajui Kiingereza. Nikacheka peke yangu, kisha nikachoka ghafla, kwa sababu kazi ile niliifanya mimi kabla baba yake hajazaliwa, na niliifanya vizuri kumshinda.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la nane, na enzi za Mwingereza darasa la nane lilitosha kumfanya mtu atembee kifua mbele. Nilikuwa nikingoja barua ya kazi ya ukarani ambayo haikuja. Kabla ya masika akafika Mohoro mtu wa Dar es Salaam, Fundi Hemedi, na lori la tajiri wake, na ndani yake mashine ya sinema, injini ya umeme, shuka jeupe na mikanda mitano ndani ya mikebe iliyobonyea. Akakodi ghala la mpunga karibu na kivuko. Alitaka mtu wa kusimama kando ya shuka awaelezee watu wanachosema Wazungu, na watu wakanitaja mimi, nikaitwa kutoka kijijini kwetu. Tulikusudia kukaa wiki moja. Wiki ya pili mvua ikakata njia, mto ukafurika mpaka kwenye migomba, na lori likakwama na sisi kwa zaidi ya miezi miwili, na mikanda ile ile mitano.

Chumba nilipewa na Mzee Mikidadi, mvushaji wa pale kivukoni. Alikuwa mjane, anaishi na binti yake Salima, mwenye miaka kama kumi na saba. Chumba changu kilikuwa cha uani, kimetenganishwa na chao kwa ukuta wa fito na udongo ulioanza kupukutika, hata nikawa nawasikia wakizungumza kana kwamba tumo chumba kimoja. Juu ya dari mzee aliweka pondo zake za akiba, za kusukumia mtumbwi, na chumba kizima kilinuka mti uliolowa. Sijapata kulala mahali pazuri kama pale. Mchana tulikula ukumbini, mimi na mzee sahani moja, Salima na yake mlangoni: wali wa mpunga wa hapo hapo, kambale wa tui, siku nyingine bada, ugali wa muhogo, na kisamvu. Mzee alikuwa na tabia ya kukisogeza kipande kizuri cha samaki upande wangu bila kusema neno, macho yake yakitazama nje. Nikikirudisha anakisogeza tena. Baba yangu mzazi hakuwahi kunifanyia hivyo, na hayo yanatosha kuhusu baba yangu.

Tulionyesha alasiri, madirisha yamezibwa magunia, ili watu wawe wamefika majumbani kabla ya magharibi, maana simba nao walikuwepo. Mikanda minne ilikuwa ya mapenzi na farasi. Mmoja ulikuwa wa mamba. Jina lake lilikuwa limefutika kwenye mkebe, sisi tukauita Mamba, na haukupita muda watu hawakutaka mwingine. Kwenye mkanda ule kulikuwa na mto, nyumba ya Wazungu, msichana wa Kizungu aliyependa kuoga bila kumuaga mtu, mzee mvushaji, na mnyama. Fundi Hemedi alinieleza kwamba mnyama yule ni turubai na mbao, na ndani wamo watu watatu. Hakukuwa na haja ya kuelezwa. Mshono ulionekana chini ya kidevu, na alipogeuka kushoto ilionekana kamba. Macho yake hayakupepesa. Alikuwa ananguruma, na watu wa Mohoro, ambao mamba wanamjua kuliko waliomshona, walicheka mpaka wakashikana mabega. Mamba hangurumi hivyo mbele ya kitoweo. Mzee mmoja aliuliza kama mnyama yule anaumwa tumbo.

Lakini walirudi. Nimefikiri sana kwa nini, kwa sababu hata safari hii pale Ikwiriri niliwaona vijana wasiotaka kutoka. Sinema mbaya kuliko zote, na ndiyo iliyojaza ghala. Nadhani ni kwa sababu mamba wa kweli haji na muziki. Mtu anachota maji, anazungumza na mwenzake habari za harusi, na akimaliza sentensi hayupo. Kilichobaki ni ndoo. Aliye ukingoni hakupata hata nafasi ya kupiga kelele. Mamba wa ghalani alikuja na ngoma na tarumbeta, taratibu, kamba yake inaonekana, na ghala zima lilipata muda wa kumwambia yule msichana, geuka, mamaa, geuka. Waliopiga kelele sana walikuwa wale waliofiwa. Bi Mwajuma, ambaye kiangazi kilichopita binti yake alichukuliwa penye kuchotea maji, alikaa mkeka wa mbele kila ilipoonyeshwa. Hakucheka. Alikuwa akiinuka nusu, mkono mbele, anamwita yule Mzungu mwanangu. Msichana alipotoka majini salama, Bi Mwajuma alikaa chini akajifuta jasho kwa upande wa kanga.

Sasa niseme lile ambalo sikulisema. Sikuwa nikisikia wanachozungumza. Injini ilinguruma nje ya dirisha, spika ilikuwa imechanika, na Wazungu wale walizungumzia puani, haraka haraka, si kama mwalimu wetu aliyesoma polepole na kidole kwenye mstari. Siku ya kwanza nilishika maneno kama kumi. Mengine nilibuni, na watu wakafurahi. Mkanda uliporudiwa mara ya tano wakawa wanazijua picha kwa moyo, wanachotaka ni maneno, nami nikaanza kutia chumvi. Nikamfanya baba wa msichana mchoyo, na mchumba wake mwoga. Nikipita njiani watu waliyarudia maneno yangu. Wenye nyumba waliniita kunywa chai. Nilikuwa kijana, na sijui kama kuna pombe inayomlewesha kijana kama hiyo.

Jumapili moja, katikati ya mkanda, Bi Mwajuma akageuka kutoka kwenye shuka akanitazama mimi.

"Athumani, baba, huyu mnyama ni wa nani?"

Ghala zima likanigeukia. Asiye wa huko hawezi kuona uzito wa swali hilo. Kwa imani ya wazee wetu, mamba anayekula samaki na mbuzi ni mamba tu, lakini anayekula watu ametumwa, na aliyetumwa ana mwenyewe. Mwenyewe anaweza kuulizwa, anaweza kuapishwa, anaweza kuchukiwa. Asiye na mwenyewe humuulizi kitu. Nilimtazama Bi Mwajuma usoni, nikaona anataka nini, na nilitaka nimpe. Kwenye shuka, wakati ule ule, alitokea yule mzee mvushaji, akainua kafi lake akapiga maji mara tatu, na muda si mrefu mnyama akaibuka.

Nikasema, "Ni wa huyu mzee. Anagonga maji kumwita."

Watu wakapumua kwa pamoja, kama waliotuliwa mzigo. Na mwishoni, pale mzee yule anapojitupa mtoni na mnyama anamchukua, nikamalizia kwa sauti nzito, nikatua kidogo katikati ili inoge: "Mnyama amemgeukia... mwenyewe." Walipiga makofi. Kwenye upande wa wanawake nilimwona Salima amekaa, hakupiga makofi, ananitazama.

Mzee Mikidadi naye alikuwa akigonga maji. Kila kabla ya kuondoka na kila kabla ya kuteremsha watu, alipiga kwa pondo mara tatu, akasema Bismillahi, akangoja kidogo. Desturi hiyo aliipata kwa baba yake. Yule hapendi fujo, alisema, akisikia kishindo anasogea mbali. Pale kivukoni jina la mamba halikutajwa, tulisema yule tu. Naapa sikumfikiria Mzee Mikidadi niliposema maneno yale. Lakini nilikuwa nikimwona akigonga kila asubuhi, na maneno yale sikuyatoa hewani.

Hakuna aliyemtaja jina. Watu wa pwani hatutaji. Kesho yake wanawake wawili waliokuwa wakivuka naye kila siku walikwenda kwa mvushaji wa juu, nusu saa kwa mguu kwenye tope. Kesho kutwa yake mtu mmoja alimwambia kwa adabu, mzee, leo usigonge, kichwa kinaniuma. Jumapili iliyofuata ghala lilijaa kuliko siku zote, na mkanda ulipofika pale penye kafi watu wote walisema pamoja nami, anagonga maji kumwita. Wiki ile ile mwanamke mmoja wa kijiji cha chini alichukuliwa akifua. Ilikuwa masika, mto umepanda, kila masika walichukuliwa watu. Lakini sasa kulikuwa na jibu.

Asubuhi moja nikiwa nimelala nilimsikia mzee nyuma ya ukuta akimwambia Salima kwamba wanasema anagonga kumwita. Alisema kama mtu anayesimulia habari ya mtu mwingine. Salima akasema amuulize kaka Athumani, maana ndiye anayejua Kizungu. Kwa hiyo sikushtukizwa. Nilikuwa na muda kuanzia asubuhi ile mpaka chakula cha mchana kulitafuta jibu, na nililitafuta. Nilijua la kweli. Nilijua vilevile kwamba nikilisema, watauliza na mengine nimeyatoa wapi, na Fundi Hemedi atanitoa kando ya shuka, na nitarudi kuwa kijana anayengoja barua.

Siku hiyo ilikuwa wali na kambale. Mzee alinawa, akala matonge mawili, akaacha kula.

"Mwanangu Athumani, nikuulize neno la kitoto. Kwa Kizungu chao, walisema yule mzee anamwita mnyama?"

Salima alikuwa mlangoni, ameacha kula.

"Ndivyo walivyosema, baba."

Akatikisa kichwa taratibu, kama aliyepewa habari ya msiba wa jirani. "Kumbe wenzetu nao wanayo mambo hayo," akasema. Kisha akakisogeza kipande cha samaki upande wangu. Nilikila. Nakumbuka nilikila chote.

Toka siku ile hakugonga tena. Aliacha tu, na watu wakaona, na wachache wakarudi kuvuka naye. Nilijiambia mambo yamekwisha, yamekaa sawa. Haikupita nusu mwezi. Asubuhi ya mawingu alifika ukingoni na abiria wanne, akateremka kwenye maji ya magotini kuuvuta mtumbwi, kimya, kama walivyotaka. Abiria walisema hawakusikia hata kishindo, walipogeuka hayupo. Wavuvi waliupata mwili siku ya pili, chini kwenye mikoko, na tukamzika alasiri. Safu ya kwanza ya sala ya jeneza ilijaa, ya pili haikujaa. Mohoro nzima iliwahi kuvuka kwenye mtumbwi wa mtu yule.

Na kwenye mkeka wa matanga, nimekaa nimeegemea ukuta, nikamsikia mtu akimwambia mwenzake kwa sauti ya chini: amemgeukia... mwenyewe. Alitua pale pale ninapotua. Nilitamani kusimama. Moyoni nimesimama mara nyingi tangu hapo, kitandani, njiani, msikitini, nikayasema yote mbele ya watu wa mkeka ule, ambao wengi sasa wako chini ya ardhi. Siku yenyewe sikusimama. Jumapili Fundi Hemedi akanitaka nifasiri Mamba, nikamwomba auweke mkanda wa farasi, akasema watu hawatakuja. Nikamwambia naumwa. Njia ilipokauka nilipanda lori la kwanza. Salima aliniletea shuka langu amelifua na kulikunja, akaniambia, safari njema, kaka. Hakuniuliza kitu.

Baadaye, kazini Dar es Salaam na baadaye hapa Kibiti, mkanda ule ulikuwa ukijionyesha wenyewe kichwani bila sauti, na bila mimi kando. Hapo ndipo nilipouona. Mzee yule wa kwenye sinema alipiga maji kwa sababu msichana alikuwa anaoga na yeye ameona kitu. Alipiga kumfukuza. Na mwishoni hakugeukwa na yeyote, alijitupa mtoni kwa sababu msichana alikuwa majini, na wakati mnyama anamshughulikia yeye, msichana akatoka. Sinema mbovu, mnyama wa turubai, lakini hilo lilikuwa wazi kabisa kwenye picha. Asingekuwepo mfasiri, hata mtoto angeliona.

Nilifika Mohoro hitima imekwisha somwa, watu wamebaki wachache. Ghala halipo, pamejengwa maduka. Nyumba ya Mzee Mikidadi imeezekwa bati na kusakafiwa, ila vyumba ni vile vile, na Zuhura akanikaribisha cha uani nipumzike. Ni mwanamke mtu mzima, mwalimu, ana sura ya babu yake hasa anapotazama nje. Akaleta wali na samaki kwenye sinia, akakaa mkekani mbele yangu. Nilimpa pole tena. Akaitikia, kisha akasema mama yake ameacha neno.

"Alisema ukija nikuulize, mjomba. Kwa Kizungu walisema nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka hamsini na zaidi kulijibu swali hilo.

"Sijui," nikasema. "Sikusikia hata neno. Injini ilikuwa inanguruma, na hata isingenguruma nisingeelewa. Mamba yule hakuwa na mwenyewe. Niliyasema mimi, na babu yako aliponiuliza nikamwambia ni wao."

Zuhura hakushtuka. Alinitazama kama ninavyodhani huwatazama wanafunzi wake wanapoleta madaftari waliyochelewa kuleta.

"Alikuwa anajua," akasema. "Alisema siku ile hakuitazama sinema, alikutazama wewe. Na wewe ulikuwa humtazami mzee wa kwenye shuka wala husikilizi. Ulikuwa unamtazama Bi Mwajuma."

Nikamuuliza, kama alikuwa anajua, basi alitaka kuniuliza nini.

"Alitaka umwambie."

Nje watu walikuwa wakikunja mikeka na kuhesabu sufuria za kuazima. Nilijaribu kusema kitu kuhusu magoti, nikaacha. Zuhura alikuwa amegeuka anatazama uani. Bila kunitazama akakisogeza kipande cha samaki upande wangu, akaniambia nile, kinapoa.